Sura ya Sita: Mtaji wa Kuaminiana katika Mitaa ya Eastlands

Katika nchi ya Kenya, ambayo watu wake wamekwisha kupita milioni 50, rehani za nyumba zilizomo katika vitabu vya mabenki yote, kwa hesabu zinazotolewa na Benki Kuu, ni takriban 30,000 tu. Na mtu apandaye juu ya paa la jengo la ghorofa nane kule Pipeline, katika Embakasi, akatazama Tassia upande mmoja, na Donholm, Umoja na Kayole upande wa pili, hawezi kusadiki ya kuwa mji ule mkubwa wa mawe, unaolaza mamia ya maelfu ya watu kila usiku, umetokana na fedha za rehani. Haukutokana nazo. Ulijengwa kwa akiba za wachuuzi, kwa kiinua mgongo cha makarani na askari, kwa mikopo ya vyama vya ushirika, kwa michezo ya upatu, kwa hisa za kampuni za kununua ardhi, kwa fedha zilizotangulizwa na wapangaji wa maduka, na zaidi ya hayo yote kwa kodi za vyumba vya chini zilizoinua vyumba vya juu.

Madhumuni ya sura hii ni kuzieleza njia hizo kama zilivyotumika Nairobi ya mashariki kwa muda wa miaka mia moja, na kuthibitisha jambo ambalo vitabu vya uwekezaji, ambavyo huutenga mlango wa kupata fedha na mlango wa kutunza nyumba, aghalabu hulipita bila kulitazama: kwamba namna fedha za nyumba zilivyopatikana ndiyo inayoamua namna nyumba hiyo itakavyotunzwa, kwa sababu fedha huja pamoja na mtu aliyeitoa, na mtu huyo ama yu karibu na nyumba, akaweza kuuliza na kujibiwa, ama yu mbali nayo, na maadamu hesabu za mwisho wa mwezi zinamfikia, hana sababu ya kuuliza kitu.

Kwanza yafaa tuseme kwa insafu kwa nini benki haikuwa kimbilio la watu hawa. Tuchukue mkopo wa shilingi 3,000,000 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka, wa kulipwa katika miaka 15: mdeni atatoa karibu shilingi 40,000 kila mwezi bila kukosa, na siku atakapopewa hati yake atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 7,000,000. Fundi wa jua kali wa Kariobangi, ambaye mwezi mmoja huuza madirisha ya chuma mpaka akachoka na mwezi wa pili asipate hata mteja mmoja, hawezi kujifunga kwa deni la namna hiyo, si kwa kuwa hana fedha, bali kwa kuwa fedha zake haziji kwa tarehe. Tena benki hutaka hati ya ardhi isiyo na dosari, na katika sehemu kubwa ya Eastlands hati za namna hiyo ni adimu. Fauka ya hayo wako Waislamu wengi, wa Majengo na wa Eastleigh, ambao riba kwao ni haramu, na kwa ajili yao hapakuwa na benki iliyo ya Kiislamu kamili hata mwaka 2008, zilipofungua milango Gulf African Bank na ile iliyoitwa wakati huo First Community Bank, ambazo hununua nyumba kwa ubia na mteja, kisha mteja akalipa ijara ya fungu la benki huku akilinunua fungu hilo kidogo kidogo mpaka nyumba ikawa milki yake. Njia hiyo ni njema, na mwenye mshahara na hati aifikirie. Lakini mjane mwenye kibanda cha samaki Gikomba ilimbidi atafute njia nyingine, na alikwisha kuitafuta zamani mno.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya mji wa Nairobi iliwahamisha Waafrika waliokuwa wakikaa katika vijiji vya Mombasa, Maskini na Kaburini, ikawapimia viwanja Pumwani, mtaa wa kwanza kukubaliwa rasmi kuwa maskani yao mjini, ikawatoza ada ya kiwanja, ikawaacha wajenge wenyewe. Wakajenga nyumba za miti na udongo, za mtindo wa pwani, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na mahali pale pakajulikana kwa jina la Majengo. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja akapangisha vilivyobaki, na wengi miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990, ameeleza jinsi wanawake waliouza miili yao katika Nairobi ya wakoloni walivyoweka akiba zao katika nyumba, na jinsi nyumba hizo zilivyowapa uhuru ambao hawakuupata vijijini kwao. Nami sioni sababu ya kulificha jambo hilo, kwa maana hao ndio waliokuwa miongoni mwa wawekezaji wa kwanza Waafrika katika majengo ya mji huu, na walifanya kazi hiyo pasipo benki, pasipo mume, na mara nyingi pasipo jamaa.

Usimamizi wao haukuwa na kanuni zilizoandikwa, wala haukuzihitaji. Mwenye nyumba alilala chini ya paa moja na wapangaji wake, akalowa walipolowa, akamjua aliyefukuzwa kazi jana na aliyeugua wiki nzima, akajua pia nani ana fedha ila hataki kulipa. Basi subira yake na ukali wake vyote vilikuwa na hoja. Udhaifu ulikuwa mahali pengine. Kuta zilikuwa zao, lakini haki ya ardhi haikuwa yao kwa yakini, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani, kijiji kikongwe kuliko Pumwani, kilipovunjwa na wakazi wake kuelekezwa Shauri Moyo katika nyumba zilizojengwa na serikali ya mji, kila mwenye nyumba aliona waziwazi thamani ya kibali kinachoweza kufutwa. Ndiyo maana nyumba za Majengo zilidumu kuwa za udongo miaka mingi sana: hakuna mwenye akili atiaye mawe na saruji juu ya ardhi ambayo mwingine anaweza kumwondosha kesho.

Nusu karne baada ya Pumwani kupimwa, mwaka 1975, serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilitia sahihi mapatano ya mradi wa Dandora, na shabaha yake ilikuwa kugawa viwanja 6,000 kwa watu wa kipato kidogo, kila kiwanja kikiwa na maji, mfereji wa uchafu, choo na bafu, pamoja na mkopo mdogo wa vifaa vya ujenzi, na yaliyobaki ayafanye mwenye kiwanja. Wengi wamekwisha kuuandika mradi huu kwa kuusifu au kuulaumu. Wakosoaji walisema kwamba waliogawiwa hawakukaa humo bali walipangisha, na baadhi yao waliuza, nayo ni kweli. Lakini mimi hunivutia zaidi jambo dogo lililozuka ndani ya mradi, nalo ni vikundi vya ujenzi. Watu waliopewa viwanja lakini hawakuwa na uwezo wa kumaliza hata chumba kimoja, na wanawake walikuwa wengi kati yao, walikusanyika wakachanga kila mwezi, wakamjengea mmoja wao, kisha wa pili, kisha wa tatu, na kodi ya vyumba vilivyokwisha ikasaidia kujenga vilivyosalia.

Msomaji asiyependa hesabu avumilie kidogo, maana hapa ndipo ilipo siri ya ujenzi wote wa Eastlands. Tuseme watu kumi wanatoa shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwezi, nacho chumba kimoja cha mawe chagharimu shilingi 300,000. Wakichanga tu, kila chumba kitachukua miezi sita, na wa kumi atapata chake baada ya miezi 60, ambayo ni miaka mitano kamili ya kutazama wenziwe wakiingia majumbani. Sasa tuseme kila chumba kinachokwisha kinapangishwa kwa shilingi 5,000, na kodi hiyo haiendi mfukoni mwa mwenyewe bali inaingia katika kikapu cha wote: chumba cha pili kitakwisha kwa miezi mitano na nusu, cha tatu kwa mitano, na cha kumi kwa miezi mitatu na siku chache, hata kazi nzima ikamalizika katika miezi 43 badala ya 60. Hapakuwa na riba hata senti moja. Miezi 17 iliyookolewa ni malipo ya uaminifu wa yule wa kwanza, ambaye amekwisha kupata chumba chake na aweza, kama hana haya, kuacha kuchanga mwezi wa saba.

Na kwa nini haachi? Kwa sababu anakaa Dandora. Anakutana na wale tisa kwenye bomba la maji, kanisani, msikitini, kwenye kituo cha basi, na mtoto wake anasoma na watoto wao. Chama kikiwaingiza watu wasioonana, waliokutanishwa na tangazo na namba ya simu, dhamana hii huvunjika yote, na ndivyo vilivyoanguka, mbele ya macho yetu, vyama kadha wa kadha vilivyoahidi viwanja na nyumba kwa maelfu ya wanachama waliotawanyika nchi nzima na ng'ambo. Mtu akiniuliza chama cha nyumba kiwe na watu wangapi, namjibu kwamba kisizidi idadi ya watu ambao yeye anaweza kuwaendea majumbani kwao kwa miguu siku ya Jumapili.

Historia ya Mathare yatuonyesha upande wa pili. Bonde lile, lililobomolewa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni na kujaa watu upya kabla ya uhuru na baada yake, lilikuwa kwa sehemu kubwa milki ya watu binafsi, wengi wao Wahindi. Na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi wake, kwa kuogopa kuvunjiwa vibanda, waliunda kampuni na vyama, wakachanga, wakainunua ardhi waliyokuwa wakiikalia. Hilo lilikuwa tendo tukufu, na lau lingeishia hapo lingekuwa mfano wa bara zima. Hata hivyo hisa ni kitu kinachouzika. Watu wenye uwezo kutoka nje ya bonde waliona faida, wakanunua hisa, wakazidi kuwa wengi, na kampuni zilizoundwa ili watu wasifukuzwe zikaanza kujenga safu ndefu za vyumba vya mbao, futi kumi kwa kumi, vya kupangisha kwa haraka. Na baadhi ya waliokuwa wakipigania mahali pa kulala wakajikuta wapangaji wa mtu wasiyemjua sura. Shirika lilikuwa lile lile, jina lake lile lile, hata mihuri yake. Lakini mtoaji wa fedha alikwisha kuhama, na pamoja naye ikahama sababu ya kuezeka paa linapovuja.

Jambo la hisa halikukoma Mathare. Kampuni ya Embakasi Ranching, iliyoundwa katika miaka ya 1970, iliwauzia wanahisa matumaini ya viwanja huko Ruai na sehemu za jirani, na kwa miongo kadhaa watu walishika cheti cha hisa wakikihesabu kuwa ni hati ya ardhi. Kisha kikazuka kisa cha kiwanja kimoja kudaiwa na watu wawili au watatu, kila mmoja na karatasi yake, na mashauri yakajaa mahakamani. Cheti cha hisa ni haki juu ya kampuni, si haki juu ya udongo, na mtu asijenge hata msingi mpaka jina lake limesomwa katika daftari la serikali na mpima ameonyesha mawe ya mipaka. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa watu waliopoteza fedha zao kwa njia hiyo aghalabu ni wale waliokuwa nazo chache.

Tukivuka sasa Mto Nairobi na kwenda Eastleigh, twakuta njia ambayo sijaona ikielezwa vya kutosha katika vitabu vya Kiswahili. Mtaa huu ulikuwa wa Wahindi kwa wingi zamani za ukoloni, na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Somalia ilipovunjika na wakimbizi wakafika kwa maelfu, nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuka polepole kuwa soko: chumba cha kulala kikawa duka mchana, kisha kikawa duka mchana na usiku, na kitanda kikatolewa. Kutoka hapo zikazaliwa plaza kubwa, Amal Plaza miongoni mwao, na Neil Carrier amezieleza katika kitabu chake Little Mogadishu. Fedha za kujengea plaza hizo zilitoka kwa jamaa na washirika wa biashara walioungana kwa hisa, nyingine zikipitia hawala kutoka Ghuba, Ulaya na Marekani. Lakini sehemu kubwa ilitoka kwa wapangaji wenyewe kwa njia ya gudiwili, yaani fedha nyingi ambazo mwenye duka hutoa mara moja, pengine jengo likiwa bado ni shimo la msingi, ili apate haki ya kulikalia duka fulani kwa kodi iliyopatanwa, na haki hiyo aweza kumwuzia mwingine atakapotaka kuondoka.

Tafakari uzito wa jambo hili. Mwenye ardhi hakukopa benki, hakulipa riba, na kabla ya kuweka tofali la kwanza alijua ya kuwa maduka yake yamekwisha kupata watu; mpangaji naye hakuwa mgeni wa kufukuzwa kwa barua ya mwezi mmoja, bali ametia mtaji wake ndani ya kuta, na kwa hiyo ana sababu ya kulinda usafi wa korido, kupigania taa ya ngazi na kumkemea anayeziba njia ya moto. Yeye ni mpangaji na mfadhili pamoja. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa iliyofanya plaza za Eastleigh zikajaa biashara huku mabarabara ya nje, yaliyokuwa dhima ya halmashauri ya jiji, yakizama katika matope miaka na miaka.

Hatari yake ni kwamba mapatano ya gudiwili mara nyingi hukaa katika maneno, au katika risiti isiyosema mengi, na mwenye jengo akifa au akiuza, mrithi au mnunuzi huweza kusema hakuyajua. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, Sura ya 301, humlinda mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano, asipandishiwe kodi wala asitolewe kiholela, nayo ina baraza lake la kusikiliza mashauri. Lakini ulinzi huo ni wa upangaji. Fedha za gudiwili zahitaji mkataba wake, ulioandikwa na wakili, wenye kutaja kiasi, duka, muda, na nini kitatendeka jengo likibadilika mikono. Wafanyabiashara wengi wa Eastleigh huona aibu kumdai ndugu karatasi. Qur'ani yenyewe imewaamuru waumini waandike deni la muda, na kwa hiyo sioni aibu hiyo imetoka wapi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mdogo, nao uko Huruma, katika kijiji cha Kambi Moto. Muungano wa Wanavijiji, ulioanza mwaka 1996 kwa kupinga ubomoaji na unyang'anyi wa ardhi za umma, ulijifunza baada ya muda kwamba kupinga peke yake hakujengi, ukaanzisha vikundi vya akiba ambavyo hukusanya hata shilingi chache kwa siku, mlango kwa mlango, na baadaye Akiba Mashinani Trust ikawa mfuko wa kuwakopesha wenye akiba hizo. Kambi Moto ilikuwa ardhi ya halmashauri. Mwaka 2003 wakazi na halmashauri wakaafikiana, vipimo vikafanywa na wakazi wenyewe wakiwa pamoja na maafisa, na nyumba zikaanza kujengwa: nyembamba, zilizogusana ubavu kwa ubavu, zenye uwezo wa kupanda hadi ghorofa ya pili, ambapo familia huanza na chumba cha chini na jiko, ikahamia, kisha ikaongeza cha juu fedha zikipatikana. Lililo gumu zaidi halikuwa saruji. Palikuwa na wenye vibanda vingi na palikuwa na wapangaji wao, na baada ya mashauriano marefu wakakubali kwamba kila kaya, iwe ya mwenye kibanda au ya mpangaji, ipate nyumba moja. Mtu aliyekuwa na vibanda vitano alikubali kubaki na nyumba moja ya mawe yenye haki, akaacha vitano vya mabati visivyo na haki. Wachumi wana maneno mengi ya kueleza uamuzi kama huo. Mimi naona wazee wa Kambi Moto waliupima vizuri kuliko wengi wetu tungaliupima.

Kinyume chake ni ploti ya kisasa ya Pipeline, au ya Umoja Innercore, au ya Huruma hiyo hiyo. Mwenyewe anakaa kwingine, huenda ng'ambo. Amejenga ghorofa saba au nane bila lifti juu ya kiwanja kilichokusudiwa nyumba ndogo. Amempa ajenti usimamizi kwa ujira wa asilimia 8 au 10 ya kodi inayokusanywa. Na ajenti amemweka mtunzaji katika chumba cha chini karibu na lango, ambaye hana madaraka ya kununua hata balbu. Ujira wa namna hiyo unamfunza ajenti jambo moja, kukusanya. Bomba likipasuka, gharama ni ya mwenye nyumba na usumbufu ni wa mpangaji, naye ajenti hapungukiwi na kitu. Mpangaji akihama kwa kukosa maji, dipoziti yake huliwa kwa kisingizio cha rangi, na anayekuja baada yake huleta nyingine. Laiti wenye nyumba wangetoa ujira kwa namna mbili, fungu moja kwa kodi iliyokusanywa na fungu la pili kwa miezi ambayo wapangaji wale wale wamekaa bila kuhama, wangeshangaa jinsi bomba lingezibwa upesi. Nimewaeleza hivyo wenye nyumba ninaowafahamu, na jibu la kwanza huwa kwamba vyumba havikosi watu. Ni kweli havikosi. Lakini kila chumba kinachobadilisha mtu hukaa tupu siku kadhaa, hupakwa rangi, hubadilishwa kufuli, na katika ploti yenye vyumba 80 siku hizo zikijumlishwa kwa mwaka ni fedha nyingi kuliko bei ya pampu mpya.

Sheria ingeweza kusaidia, lakini imelala. Sheria ya kuzuia upandishaji wa kodi, Sura ya 296, ilihusu nyumba ambazo kodi yake haikupita shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa kwa hesabu za mwaka 1981, wakati shilingi 2,500 zilipokuwa kodi ya bwana mkubwa. Leo kiwango hicho hakifiki hata chumba kimoja cha kawaida cha Pipeline. Kodi ya serikali ndiyo iliyo macho. Tangu Januari 2024 mwenye nyumba za kupangisha anayepata kati ya shilingi 288,000 na 15,000,000 kwa mwaka hutoa asilimia 7.5 ya mapato yote bila kutoa gharama, maana yake anayetengeneza paa na asiyelitengeneza hutozwa sawa. Naona hilo ni kosa la sera.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa kadhaa lililosimama kando ya mto huko Huruma liliporomoka na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limejengwa bila idhini, na lilikuwa limejaa wapangaji. Watu waliuliza siku zile mkandarasi alikuwa nani, mkaguzi alikuwa wapi, na nani alipewa rushwa, na maswali hayo yote yalikuwa na haki. Swali ninaloongeza ni hili: kama fedha za jengo lile zingalikuwa za wale waliolala ndani yake, kama vile chumba cha Kambi Moto kilivyo cha anayelala ndani yake, je, nyufa za ukutani zingalifichwa kwa rangi?

Tusidhani hata hivyo kwamba kumiliki peke yake kunatosha. Buruburu, uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970 kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola na kuuzwa kwa rehani kwa watu wa tabaka la kati, ulikuwa mtaa wa kanuni zote: ramani nzuri, nyua ndogo ndogo zilizopangwa ili majirani waonane, bustani mbele na nyuma. Baadaye bustani zikajengwa vyumba vya kupangisha, kila mmoja kwa shauri lake, na mifereji ya uchafu iliyopimwa kwa familia moja ikabebeshwa familia nne. Kilichozinusuru baadhi ya nyua ni vyama vya wakazi, vilivyofunga lango, vikaajiri mlinzi, vikachanga kila mwezi na kusoma hesabu hadharani. Na ipo tofauti kubwa, unayoiona kwa macho bila kuuliza mtu, kati ya ua wenye chama na ua usio nacho, ingawa nyumba zao zilinunuliwa kwa rehani ile ile.

Jambo hili sasa limekuwa la haraka, kwa kuwa serikali yenyewe imeingia katika ujenzi kwa nguvu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamtoza mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri kiasi hicho hicho. Na mnamo Mei 2025 watu wa Mukuru wakaanza kukabidhiwa nyumba 1,080 za kwanza katika mtaa mpya unaokusudiwa kuwa na zaidi ya 13,000, chumba kimoja kikilipiwa shilingi 3,900 kwa mwezi mpaka kiwe mali ya mkazi. Kwa mtu aliyekuwa akilipa karibu kiasi hicho kwa chumba cha mabati, na maji ya mtungi juu yake, hiyo ni neema, wala simlaumu aliyelia kwa furaha. Lakini majengo yale ni marefu, yana pampu, matangi, mabomba ndani ya kuta na paa linalotumiwa na watu wengi, na Sheria ya Milki za Sehemu ya mwaka 2020 inataka wenye nyumba za ghorofa waunde shirika lao la kusimamia yote yaliyo ya wote. Wakazi wasingoje miaka mpaka wapewe hati ndipo waunde shirika hilo. Waanze mwezi wa kwanza, ngazi kwa ngazi, kama vikundi vya Dandora vilivyoanza, kila kaya ikitoa mia moja au mia mbili juu ya kodi, zikiwekwa katika akaunti yenye sahihi za watu watatu wanaokaa katika jengo lile lile, na hesabu ikibandikwa ukutani karibu na lango, ili siku pampu itakapoungua, nayo itaungua, mtu asipande juu ghorofa kwa ghorofa akibisha milango kuomba mchango usiku.